Dharau Isiyojibika: Sinema, Utani na Sisi wa Kusini

Zipo filamu mbili zilizopishana kwa miaka 43 zenye tendo moja dogo linalofanana. Katika Get Out ya Jordan Peele, iliyotoka mwaka 2017, kijana mweusi aitwaye Chris anapelekwa na mpenzi wake Mzungu kutambulishwa ukweni. Siku ya karamu ya familia, mama mmoja mgeni anamsogelea, anamminya msuli wa mkono, kisha anamgeukia yule mpenzi na kumuuliza swali la chumbani, Chris akiwa amesimama palepale. Mwaka 1974 Mjerumani Rainer Werner Fassbinder alikuwa ametengeneza Angst essen Seele auf, hadithi ya Emmi, mjane anayefanya kazi ya usafi, na Ali, kibarua kutoka Moroko. Wameoana kwa mapenzi na wamesimangwa vya kutosha. Siku moja Emmi anawakaribisha nyumbani wanawake anaofanya nao kazi, na katika kuwafurahisha anawaonyesha misuli ya mumewe. Wanaigusa, wanaisifia. Ali anaondoka, na Emmi anawaeleza wageni kwamba ana vituko vyake, ndivyo walivyo watu wa kwao.

Hakuna aliyetukana. Wote wamesifu, na mmoja wao ni mke anayempenda mumewe kwelikweli.

Sisi wa pwani ya kusini tungepaswa kuwa wa kwanza kuusoma mkono ule. Mikindani bado lipo jengo ambalo wageni huonyeshwa kama soko la watumwa, na Kilwa Kivinje, kule Lindi, ilikuwa bandari kubwa ya kuwatoa watu waliotembezwa kwa miguu kutoka upande wa Ziwa Nyasa. Mnunuzi alimkagua mtu kwa vidole kabla ya kutaja bei. Peele analijua hilo vizuri, ndiyo maana karamu yake inaishia kwenye mnada wa kimyakimya: wageni wameshika kadi za bingo, na picha ya Chris imesimamishwa mbele yao kama bidhaa.

Nina hoja moja katika makala haya. Dharau ya kila siku haipimwi kwa ukali wa neno wala kwa nia ya aliyelisema. Inapimwa kwa nafasi aliyonayo anayeambiwa ya kujibu. Chris akiuvuta mkono wake kwa nguvu, amekuwa yule mweusi mkali waliyemwogopa tangu mwanzo. Akinyamaza, amekubali. Akicheka, ameshiriki. Njia zote tatu zimezibwa, na anayezibiwa ndiye anayetakiwa kuonyesha adabu. Filamu inayouelewa ubaguzi ni ile inayobaki na uso wa mtu huyo katika sekunde zile chache, na isiyouelewa ni ile inayokimbilia kelele.

Mtazameni Daniel Kaluuya, mzaliwa wa London mwenye wazazi kutoka Uganda, anavyocheza karamu ile. Mzee mmoja aliyekuwa mcheza gofu anamwambia kwamba anamfahamu Tiger Woods. Mwingine anamwarifu kwamba siku hizi weusi ndio mtindo. Kabla ya hapo baba wa msichana amekwisha kumhakikishia kwamba angempigia Obama kura ya muhula wa tatu kama ingewezekana. Kila mara Kaluuya anacheka kidogo, midomo tu, macho hayamo. Yeyote aliyewahi kuwa peke yake wa namna yake katika ofisi ya watu wengine anakijua kicheko hicho. Ni cha kuvushia.

Nusu ya pili ya filamu ile hainishawishi kama ya kwanza, na najua wapenzi wa filamu za kutisha watanipinga. Wale wageni wapole wanapogeuka kuwa majambazi wa miili ya watu, mtazamaji anapumua: kumbe ni mashetani, mimi simo. Hofu ilikuwa kubwa zaidi walipokuwa watu wa kawaida wenye glasi mkononi. Hata hivyo filamu iliyotengenezwa kwa takriban dola milioni 4.5 iliingiza zaidi ya milioni 250, na mwaka 2018 Peele akawa mtu mweusi wa kwanza kushinda Oscar ya mswada asilia wa filamu. Watu wengi walijiona mle, na wengi wa hao, nadhani, walijiona katika karamu kuliko katika damu.

Jambo hili lina daktari wake. Chester Pierce, Mmarekani mweusi aliyefundisha Harvard, alikuwa bingwa wa magonjwa ya akili, na ndiye aliyelipa jina la kitaalamu mwaka 1970: microaggression, yaani shambulio dogodogo. Alikuwa akitafuta namna ya kueleza jinsi mtu anavyochakazwa na vitu ambavyo kimoja kimoja havistahili hata kusimuliwa nyumbani. Mwaka 2007 Derald Wing Sue na wenzake waliligawa katika mafungu: lipo shambulio dogo la makusudi, lipo tusi lililofichwa ndani ya sifa, na lipo lile la kumfuta mtu, kama kumwambia kwamba anayoyaona hayapo, au kumuuliza mzaliwa wa nchi kwao hasa ni wapi. Kinachonivutia zaidi kwa Pierce ni kwamba macho yake yalikuwa kwenye skrini. Yeye na wenzake walichunguza matangazo ya televisheni kuona watu weusi wanaonyeshwaje wakilinganishwa na weupe, na alikuwa mmoja wa washauri wa Sesame Street, kipindi cha watoto kilichoanza mwaka 1969. Hakuihesabu picha kuwa pambo la tatizo. Kwake ilikuwa mojawapo ya vyanzo.

Lakini aliyeionyesha dharau hii vizuri kuliko wote, kwa maoni yangu, ni Msenegali aliyewahi kuwa kuli katika bandari ya Marseille. Ousmane Sembène alitoa La Noire de... mwaka 1966, filamu fupi ya kama saa moja, isiyo na rangi, isiyo na fedha. Diouana ni msichana wa Dakar aliyechukuliwa kazi ya kulea watoto na familia ya Kifaransa. Madame alimchagua katika kundi la wanawake waliokaa kando ya barabara wakingoja kazi, kwa sababu hakuwa amemkimbilia kama wengine. Wanapomwita Ufaransa, Antibes, anadhani anakwenda kuiona nchi. Watoto hawapo. Kuna jiko, bafu, chumba cha kulala na sebule. Amevaa gauni zuri na viatu vya kisigino, naye Madame anamkumbusha kwamba hakuja kwenye sherehe, anampa aproni.

Siku moja wageni wanakuja kula wali wa Kiafrika. Mzee mmoja anainuka kumbusu Diouana mashavuni kwa sababu, anasema, hajawahi kumbusu mwanamke mweusi. Meza nzima inafurahi. Mwingine anauliza kama msichana huyu anaelewa Kifaransa, na jibu ni kwamba anakielewa kwa silika. Wanayasema hayo yeye akiwa hatua chache tu kutoka mezani.

Sembène alifanya jambo rahisi na la ajabu. Kwa mdomo, Diouana husema “Ndiyo, Madame” na si zaidi sana. Ndani ya kichwa chake tunasikia sauti inayosema yote, kwa ufasaha, kwa hasira, kwa hesabu kali za mtu aliyedanganywa. Kwa hiyo tunapata vitu viwili kwa wakati mmoja: jibu lenyewe, na kutowezekana kwa jibu hilo. Sijui filamu nyingine iliyokamata jambo hili kwa vitu vichache namna hiyo. Na Madame hakuchorwa kama shetani. Kule Dakar aliwahi kumpa Diouana nguo zake za zamani, na huko Antibes naye anaonekana mpweke, amechoka, amekwama katika ghorofa ndogo. Hajui kwamba anaua. Mwisho Diouana anajiua bafuni, na gazeti linaandika habari ya mistari michache.

Ndani ya filamu hiyo kuna kinyago, na hapa mtu wa Mtwara hawezi kuendelea kukaa kama mgeni. Diouana aliwapa mabwana zake kinyago kama zawadi alipoanza kazi Dakar. Huko Antibes kinaning'inizwa peke yake kwenye ukuta mweupe. Ni kuta ngapi za Ulaya zenye kinyago cha Kimakonde kilichoning'inizwa hivyo, kimya, kama kwamba hakijawahi kuchezwa? Wenye nyumba hizo pengine hawajui kwamba vinyago vya mapiko, ile ngoma ya Wamakonde wa pande zote mbili za Ruvuma, vilikuwa pia na tabia ya kumchora mkubwa: Mreno mwenye masharubu, padri, mfanyabiashara wa Kihindi, kila mmoja kwa pua yake, nywele zake na maringo yake. Mtu aliyekaripiwa mchana bila ruhusa ya kujibu, jioni alimwona aliyemkaripia akitembezwa uwanjani akichekwa na kijiji kizima. Lilikuwa jibu lililocheleweshwa, likavikwa nguo, likapigiwa ngoma.

Desturi hiyo ilikuja kuingia kwenye filamu. Mwaka 1979 Ruy Guerra alitoa Mueda, Memória e Massacre, filamu kuhusu mauaji yaliyofanywa na utawala wa Kireno tarehe 16 Juni 1960 kule Mueda, Msumbiji, ng'ambo ya mto kutoka Newala. Inaonyesha igizo ambalo watu wa hapo wenyewe walikuwa wakilicheza hadharani kukumbuka siku ile, na wanaocheza Wareno ni watu weusi wa nchi hiyohiyo. Mtawala anaigizwa na waliotawaliwa. Sembène naye alimalizia karibu hapohapo: bwana anarudi Dakar na sanduku la marehemu, mama mtu anaikataa fedha, na mtoto mmoja anakivaa kile kinyago na kumfuata yule Mfaransa nyuma nyuma mpaka anakimbilia gari lake. Mtoto hasemi neno.

Linganisheni na Crash ya Paul Haggis, iliyoshinda Oscar ya filamu bora mwaka 2006. Watu wa Los Angeles wanagongana magari na kutukaniana asili zao usoni, saa mbili nzima. Kila mtu anajibu kila mtu. Ni filamu ya kelele, na kwa kuwa kila mmoja ana tusi lake na machozi yake, mtazamaji anatoka akiamini kwamba ubaguzi ni hasira za mjini zinazowapata wote kwa kipimo sawa. Nimeimaliza, sina haja ya kuirudia.

Fassbinder alikuwa na jicho kali zaidi. Mwenye duka wa jirani anakataa kumuuzia Ali majarini kwa kisingizio kwamba haelewi anachosema. Baadaye, biashara ikimwendea vibaya, anagundua kwamba Emmi alikuwa mteja mzuri, na ghafla anakuwa mtamu kama asali. Majirani nao wanataka kutumia stoo ya Emmi, kwa hiyo wanaanza kusalimia. Hakuna aliyebadilika moyo. Ubaguzi wao umekwenda likizo kwa sababu za kibiashara. Na ni katika kipindi hicho cha amani ndipo Ali anaminywa misuli na marafiki wa mkewe.

Hapa kwetu Tanganyika sinema yenyewe iliingia ikiwa na dharau ya aina hii mfukoni. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, uliendeshwa mradi wa Waingereza wa kutengeneza filamu za kuwaelimisha Wabantu, kwa fedha za shirika la Carnegie la Marekani. Kisha mwaka 1939 Uingereza ikaunda kitengo cha filamu za makoloni, na mkuu wake, William Sellers, alishikilia kwamba Mwafrika hawezi kufuata picha zinazokatwa haraka haraka: ziende polepole, jambo moja moja, bila hila. Wenyewe walijiona wanatujali. Nikiwatazama vijana wa Chikongola waliobanana kwenye kibanda umiza, wanafuata filamu ya Kikorea iliyotafsiriwa na DJ anayechomeka vichekesho vyake katikati, huku wanabishana kuhusu Simba na Yanga, natamani Sellers angefufuliwa kwa nusu saa tu, awekwe kwenye benchi la nyuma.

Wapo watakaosema haya yote ni madogo, kwamba mtu mzima halii kwa sababu ameshikwa mkono. Hao nawapeleka Masasi. Trevor Huddleston, aliyekuwa askofu wa Kianglikana wa Masasi kuanzia 1960 hadi 1968, alikuwa amewahi kufanya kazi Afrika Kusini, ambako alikuwa padri wa Sophiatown, mtaa wa weusi wa Johannesburg, na mpinzani mkubwa wa ubaguzi. Desmond Tutu alisimulia mara nyingi kwamba akiwa mtoto alisimama na mama yake, mfanyakazi wa nyumbani asiye na cheo chochote, akapita Mzungu aliyevaa kanzu ya upadri, na alipofika mbele ya mama huyo akaivua kofia yake kumpa heshima. Mtoto hakuwa amewahi kuona jambo kama hilo. Padri huyo alikuwa Huddleston.

Kofia ile haikufuta sheria hata moja ya Afrika Kusini. Ilikuwa hewani kwa muda usiofika pumzi mbili. Na bado Tutu aliibeba mpaka uzeeni, akaihesabu miongoni mwa vitu vilivyomfanya alivyokuwa. Sasa kama kofia moja iliyovuliwa inaweza kukaa ndani ya mtoto miaka yote hiyo, kwa nini tuamini kwamba zile maelfu ambazo hazikuvuliwa mbele ya mama yake zilipita bila alama?

Hadi hapa tumewatazama Wazungu, na hiyo ndiyo sehemu rahisi.

Mtu wa Mtwara akifika Dar es Salaam hahitaji kwenda Antibes kujifunza kicheko cha kuvushia. “Wewe Mmakonde? Mbona hujachanjwa?” “Kumbe na kwenu siku hizi kuna lami?” “Usije ukatufanyia mambo ya kwenu huko.” Fungua vichekesho vya Bongo, iwe filamu nzima au vile vipande vya dakika mbili vinavyozunguka WhatsApp: getini kwa tajiri yuko mlinzi, na mlinzi huyo ana lafudhi ya Newala. Ana rungu, analala, anamwogopa mwizi kuliko mwizi anavyomwogopa yeye. Msimu wa korosho ukiwa mzuri, vinaletwa vile vya mkulima wa Tandahimba anayemnywesha mbuzi soda kwa kukosa cha kufanyia hela. Mwaka 2013, watu wa Mtwara walipoandamana kuhusu gesi na bomba la kwenda Dar es Salaam, kila mtu alikuwa na haki ya kubishana nao kwa hoja. Wengi waliona lafudhi inatosha kuwa hoja. Nchi hii imewahi kuongozwa miaka 10 na mzaliwa wa Lupaso, Masasi, lakini mlinzi wa kwenye kichekesho hakupandishwa cheo.

Sitauita ubaguzi wa rangi. Hakuna sheria ya Tanzania iliyowahi kumtengea Mmakonde mlango wa nyuma, na anayevichanganya viwili hivi anawapunguzia waliopita chini ya sheria za namna hiyo. Ila chombo ni kilekile. Mtu wa kusini aliyeulizwa kuhusu chale mbele ya wenzake ofisini ana njia zilezile tatu za Chris, na zote zimezibwa. Akikasirika ataambiwa kitu kimoja tu: huu ni utani.

Basi tuuzungumze utani, maana ndio unaosingiziwa. Utani wa makabila ni taasisi, na una masharti. Inaelezwa kwamba sehemu kubwa ulizaliwa baada ya vita na misafara, watu waliokuwa maadui wakageuza uadui kuwa ruhusa ya kuchokozana. Mtani wako anaweza kukuita mtumwa wake na wewe ukamwita hivyohivyo, palepale, kwa sauti. Anaweza kuja msibani kwako akaingia kaburini na kukataa kutoka mpaka alipwe, watu wakacheka katikati ya kilio, na kesho yake kwake ni zamu yako. Jibu limo ndani ya utani tangu unapoanza. Kuna deni, na deni linakwenda pande mbili. Yule aliyeandika kichekesho cha mlinzi wa Newala hana deni na Mmakonde yeyote, hatakuja kumzika mtu, na mlinzi wake hapewi sentensi hata moja ya kumrudishia tajiri. Hapo utani umeazimwa jina tu.

Kipimo hicho kinachoma pande zote, na nisingekuwa mkweli kama ningekitumia kwa faida ya kusini peke yake. Lindi mjini zimekaa familia zenye asili ya India kwa vizazi. Mzee wa duka amezaliwa hapo, amesoma hapo, baba yake amezikwa au kuchomwa hapo, na bado mteja aliyehamia mwaka jana kutoka mkoa mwingine anamuuliza kwao ni wapi. Katika vichekesho vyetu Mhindi anaongea Kiswahili cha ngeli zilizovunjika, “dugu yangu”, hata kama mwigizwaji halisi anakisema kuliko mwandishi. Tunajitetea kwamba Mhindi ana hela. Hela anayo, pengine. Lakini majengo yalipotaifishwa mwaka 1971, na mwaka uliofuata Uganda ilipowafukuza Waasia, wengi walijifunza kwamba ukiwa na duka bado unaweza kukosa jibu. Mwenye duka akimjibu mteja kwa ukali, kesho mtaa unasema hana uzalendo. Kwa hiyo anacheka, anapima sukari. Kicheko ni kilekile cha Kaluuya, na safari hii aliyekisababisha ni sisi.

Wanaotengeneza filamu za Kiswahili hawakosi vifaa vya kuonyesha haya. Wanachokosa ni uvumilivu wa kuwacha kamera mahali. Filamu zetu zinapenda jambo liishe kwa kofi, kwa kilio au kwa mchungaji. Na zina mazoea yao ambayo hakuna anayeyasema kwa sauti: msichana mweupe ndiye mchumba wa bosi, mweusi tii ndiye dada wa kazi au mchawi wa kijijini. Ukimuuliza mwongozaji atakwambia hakufikiria. Namwamini kabisa, hata Madame wa Antibes hakufikiria.

Kama ningepewa kamera, nisingekwenda mbali. Ningeingia kwenye hoteli yoyote ya Mtwara katika ile miaka ya gesi, watu wakiwa bado wanaita mji “Mtwara kuchele”, yaani kumekucha. Mhandisi kijana, mzaliwa wa Nanyamba, amekaa mezani dakika kumi hajasogelewa. Anaingia mgeni Mzungu wa kampuni, anavuta kiti, na mhudumu yuko kwake kabla hajakaa vizuri. Mgeni hajafanya kosa lolote, pengine hata hajaona. Kamera nisingeiweka kwa mgeni, wala kwa mhandisi. Ningeiweka kwa mhudumu, mtoto wa Magomeni ya hapahapa Mtwara, kwa sababu anamfahamu mhandisi, walisoma shule moja, na amekwisha kuambiwa na meneja ni meza zipi zinazotangulia. Anapopita na trei macho yao yanakutana. Anayefanya dharau naye hana jibu.

Nilimsimulia mtengenezaji mmoja wa filamu onyesho hilo. Akauliza mhandisi atamfanya nini mhudumu. Nikasema ataagiza chai. Akauliza ugomvi uko wapi basi, na baada ya chai kinafuata nini. Nikamwambia inafuata bili, na kwamba hata bili itaanza kupelekwa kwa yule mwingine.